Vipodozi vya IST bila kufilisika

Gari langu ni Toyota IST nyeusi, na rangi hii haifichi kitu: vumbi la Goba linaonekana kabla sijazima injini. Vifaa vyake nanunua Kariakoo, bei ya kupatana.

Hela ya kwanza iende kwenye shampoo ya gari. Sabuni ya unga ni rahisi, ila inaondoa nta uliyopaka. Yangu ni ya dumu la lita 5, jina lake hata silikumbuki. Kifuniko kimoja kwenye ndoo kinatoa povu zito, kitambaa kinateleza chenyewe. Na kitambaa kiwe cha maikrofaiba, kile cha nyuzi laini sana, si fulana ya kampeni.

Polishi na nta watu wanazichanganya. Polishi ina chembechembe zinazosugua rangi na kupunguza mikwaruzo. Nta inakaa juu na kulinda. Ukipiga polishi kila wiki, unaila rangi yenyewe. Hii nta ya kopo ndiyo nimeipenda: unapaka nyembamba, kivulini, bodi ikiwa imepoa, ikishakuwa ukungu mweupe, unafuta. Mvua ikinyesha maji yanajikusanya matone na kuteremka. Kasoro yake, ikigusa plastiki nyeusi za bampa inaacha weupe usiotoka kirahisi.

Dawa ya tairi sinunui tena. Asubuhi inang'aa, jioni imeshika vumbi la njia nzima. Ya dashibodi nayo ina mafuta mno, na usithubutu kuipaka usukani, utateleza mikononi.