Ripea kiti ya kabureta ya Zenith 36IV kwenye Land Rover 109 ya jeshi: uzoefu wangu, Mtwara

Nimeifunga kwenye Land Rover Series III, 109 iliyotoka jeshini, injini ya petroli ya cc 2286, inayopiga njia ya Mtwara na Newala. Kiti yenyewe, yaani mfuko wa vipuri vidogo vya kukarabati kabureta (gasketi, oringi, nido), ni nzuri. Ila ukiifunga kama ilivyotoka mfukoni, bila kugusa chuma cha kabureta, umetupa hela.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni wa kabureta. Gari ikikata moto kwenye mlima wa Newala, ikipumzika inawaka, anza kutafuta nyuma. Chomoa paipu inayoingia kwenye kabureta, itumbukize kwenye chupa, kisha piga mkono mdogo wa pampu. Petroli itoke kwa kuruka, bila mapovu. Mkono ukiwa mlegevu, zungusha injini kidogo, maana kemu, shafti ya injini inayoisukuma pampu, imeubana wenzo wa ndani. Ukiona mapovu, kuna mahali panavuta hewa: mara nyingi ni gasketi ya kikombe cha kioo cha pampu, au koki ya kubadilisha matenki mawili yaliyo chini ya viti. Tenki moja likiwa tupu na koki imechoka, pampu inavuta hewa ya huko. Tupia pia macho kikombe chenyewe. Huku pwani matenki yanakula kutu, na maji hujitenga chini ya petroli, unayaona waziwazi.

Ugonjwa wa Zenith ni mwingine: haikai sailensa (kunguruma polepole bila kukanyaga mafuta), moshi mweusi, plagi zina masizi makavu, na skrubu ya mafuta ya sailensa ukiikaza hadi mwisho, injini haizimi. Maana yake petroli inapenya pembeni, kati ya kifuniko cha juu na lile bloku la jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli. Skrubu zimekazwa miaka na miaka, chuma laini kimepinda.

Tenganisha bloku na kifuniko. Weka msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, paka uso wa bloku wino wa makapeni, kisha sugua kwa mwendo wa namba nane, ukikandamiza kidogo tu. Wino wa pembeni hufutika mara moja, wa katikati unabaki. Endelea mpaka wa katikati nao uishe. Fanya hivyo na uso wa kifuniko. Osha vumbi lote, pulizia matundu kwa upepo, usichokoe jeti kwa waya.

Sasa ndipo kiti inafaa. Oringi, ile pete ya mpira, ikae kwenye mfereji wake bila kujikunja. Ya zamani huwa ngumu kama plastiki. Nido mpya (vali ya sindano inayozuia petroli kuingia) hufunga vizuri, lakini washa, ile pete bapa iliyokuja nayo, ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani. Ipime, kwa sababu unene wake ndio unaopanga kimo cha petroli kwenye chemba: ikiwa nyembamba nido inapanda, floti (kiboya) inachelewa kufunga, kabureta inafurika. Nimerudisha ya zamani. Skrubu kaza kwa zamu, kidogo kidogo, la sivyo utapinda upya ulichonyoosha.

Kabla ya kuilaumu kabureta tena, pima mwanya wa pointi za distributa, zinazokata umeme wa plagi: 0.35 hadi 0.40 mm.

Gasketi za karatasi zimekaa sawasawa. Diaframu (utando) ya ubavuni mwa kabureta haikuwemo kwenye mfuko wangu, na muuzaji hakusema. Iulizie kabla hujalipa.