Pedi za Kitenge Zinazoanikwa Juani

Pedi za kufua kwa kawaida husifiwa kwa uwezo wake wa kufyonza, lakini baada ya kutumia pakiti hii kwa miezi mitano naona zinafaa kupimwa kwanza kwenye kamba ya kuanikia nguo. Bibi zetu wa Pwani walivaa sodo, yaani kitambaa cha hedhi, na somo aliyemfunda mwali aliyevunja ungo alimfundisha pia kuifua kwa siri na kuianika uvunguni au chini ya nguo nyingine, pasipo jua wala upepo, ili mwanamume asiione. Kitambaa kilichokaushwa hivyo hubaki na unyevunyevu, nao huleta vijidudu na miwasho ambayo wengi wetu tulidhani ni sehemu ya kuwa mwanamke.

Kikundi cha mafundi cherehani wa hapa Dar es Salaam walioshona pedi hizi wamelielewa tatizo hilo vizuri sana. Upande wa nje ni kitenge cha maua ya manjano na buluu, chenye mshono safi, na pedi nne zikiwa zimeanikwa pamoja juani zinapendeza kama vitambaa vya mezani. Mfuko wake umefuata mpangilio wa kanga, kwa maana una pindo, una mji, yaani sehemu ya katikati, na una jina: "Mwezi wangu, heshima yangu." Ninauweka juu ya meza yangu ofisini, mimi ambaye kwa miaka mingi nilikabidhiwa pedi dukani zikiwa zimeviringishwa kwenye gazeti kana kwamba nimenunua mali ya wizi.

Katika matumizi, pedi moja inanitosha kwa muda wa saa tano hata siku ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito. Zilowekwe kwenye maji ya baridi, kwani ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, na wakati wa masika mtu ategemee siku mbili za kukausha.

Lawama yangu ni moja, nayo ni kubwa. Flana inayogusa ngozi ni nyeusi, kwa sababu, kama mafundi walivyonieleza, wateja huomba rangi ya kuficha doa. Ninawaelewa wateja hao, ila kitambaa cheusi kinamnyima mwanamke njia ya kujua kama kimetakata, na kumficha mtu damu yake mwenyewe ni kuirudisha ndani ya pedi aibu iliyokwisha kuondolewa nje.

Bei ni shilingi 20,000 kwa pedi nne na mfuko, fedha nyingi kwa msichana wa shule kuzitoa kwa mkupuo. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa nchini mwaka 2018 na kurejeshwa mwaka 2019, baada ya serikali kusema kwamba bei dukani haikushuka, kwa hiyo unafuu inabidi utoke kwa muuzaji. Mafundi hawa wanakubali kuuza pedi moja moja, na nimemnunulia mpwa wangu mbili. Kitenge alikichagua mwenyewe, baba yake akiwa amesimama hapo hapo.