Kodi ya majengo kupitia LUKU: kulipa rahisi, kurekebisha kazi

Tangu Agosti 2021, mwenye nyumba yenye umeme Tanzania Bara hapangi tena foleni ya kodi ya majengo. Inakatwa kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, mara moja kwa mwezi, unaponunua umeme kwa mara ya kwanza. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa mjini hukatwa 7,500 kwa kila sakafu, sawa na 90,000 kwa mwaka, na apatimenti yenye mita yake nayo hukatwa 7,500.

Kwa urahisi wa kulipa, huduma hii inastahili sifa. Zamani mtu aliahirisha mpaka wiki ya mwisho wa Juni, kisha akashinda ofisini. Sasa hata asiyejua kwamba kuna kodi analipa, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Ukitaka kujua utalipa kiasi gani kwa mwaka, usihesabu vyumba wala mabati. Hesabu mita. Chukua ujumbe wa tokeni ya kwanza ya mwezi, utazame makato yaliyo nje ya VAT na tozo za EWURA (mdhibiti wa nishati) na REA (umeme vijijini), uzidishe kwa 12. Fanya hivyo kwa kila mita ya kiwanja. Nyumba ya chini, isiyo ya ghorofa, yenye wapangaji watatu, kila mmoja na mita yake, inaweza kukatwa 4,500 kwa mwezi. Hiyo ni 54,000 kwa mwaka kwa jengo linalopaswa kulipiwa 18,000. Mfumo unaona mita tatu, hauoni kwamba paa ni moja.

Dawa ni kwenda ofisi ya TANESCO (shirika la umeme) au TRA (mamlaka ya mapato) na namba za mita zote, pamoja na uthibitisho wa umiliki, uombe kodi ibaki kwenye mita moja. Kwenye nyumba ya ghorofa, hakikisha pia idadi ya sakafu iliyosajiliwa. Makato ya 15,000 maana yake mfumo unahesabu sakafu mbili. Nenda mapema, kwa sababu makato hayasubiri ombi lako lijibiwe.

Nyumba iliyofungwa huwashangaza wengi. Usiponunua umeme miezi minne, kodi haikusahau, inalimbikizwa. Ukirudi mwezi wa tano na kununua wa 10,000, zinakatwa 7,500 kwanza na 2,500 ndiyo inayonunua umeme. Kwa mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambaye uniti moja humgharimu kama shilingi 356 pamoja na tozo, hizo ni uniti 7 tu badala ya 28. Mita si mbovu. Wa D1, mwenye matumizi madogo, huumia kwa namna nyingine: akinunua wa 2,000 mwanzo wa mwezi anabakiwa na umeme wa 500, uniti nne hivi. Afadhali anunue kiasi kikubwa kidogo mara ya kwanza, arudi kwenye vidogo vidogo baadaye.

Msamaha upo kwa nyumba moja ya makazi anayoishi mwenyewe mzee wa miaka 60 na kuendelea, au mtu mwenye ulemavu, asiye na kipato. Lakini lazima uombwe. Mita haijui umri wa mtu.

Lawama kubwa zaidi ni ya kiwango chenyewe. Kodi ya bapa, yaani ya kiasi kimoja kwa wote, haitazami thamani, kwa hiyo jijini Dar es Salaam nyumba ya vyumba viwili Mbagala inalipa sawa na nyumba ya chini ya kifahari Masaki. Ni rahisi kukadiria kwa sababu hiyo hiyo inayoifanya isiwe ya haki.

Usiichanganye na kodi ya pango la ardhi. Hiyo ni ya kiwanja, hukokotolewa kwa ukubwa, eneo na matumizi, na haipiti kwenye LUKU. Katika bajeti ya nyumba iandikie mstari wake.

Na mpangaji anayenunua umeme mwenyewe analipa kodi isiyo yake, maana mdaiwa ni mwenye nyumba. Ahifadhi ujumbe wa tokeni ya kwanza ya kila mwezi na wakubaliane mapema, kabla ya kusaini mkataba, kwamba 18,000 hiyo itapunguzwa kwenye pango. Ikishapita miezi kumi bila ujumbe hata mmoja, hana cha kuonyesha.