Samaki watamu, ila hiyo asilimia kumi anakula nani?

Mimi ni dereva teksi hapa Kigoma. Nabeba wageni wanaokwenda Kibirizi kupanda boti ya Gombe, na wengi huomba niwapitishe pa kula kwanza. Huwa nawashusha kwenye mgahawa mmoja si mbali na stesheni ya reli. Jina nalihifadhi, mtaelewa kwa nini.

Mgebuka wa pale sijamwonea mpinzani mjini. Anapasuliwa, anapakwa chumvi na ndimu, anawekwa juu ya mkaa wa taratibu mpaka ngozi inakauka huku nyama bado ina majimaji. Agiza na ugali wa muhogo, na maharage ya mawese usiyaache. Chipsi achana nazo, ni za tangu asubuhi.

Sasa risiti. Siku hizi chini kuna mstari wa "huduma 10%". Umekula 40,000, unalipa 44,000. Kwa mstari wenyewe sina ugomvi. Ufaransa huduma imo kwenye bei na anayeongeza huacha visarafu tu. Lakini nilimuuliza dada anayehudumia kama inamfikia, akacheka: "Kaka, mimi naiona kwenye karatasi kama unavyoiona wewe."

Na mgeni anaondoka akijua ameshamtoa!

Wamarekani ndio wanamwokoa, maana huongeza yao hata hivyo. Kwao sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepewa bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango hichohicho tangu 1991, kwa hiyo kuacha 15 hadi 20 kwa mia wanaona ni wajibu. Mjapani haachi kitu, na wahudumu jamani msimnunie. Kwao hakuna desturi hiyo. Ukisahau hela mezani watakukimbiza barabarani wakurudishie. Kuna mzee wa Kijapani nilimleta, aliinama kushukuru mpaka jikoni, wakabaki kumwita bahili.

Mkitaka kumtoa yule dada, mpeni mkononi, tena shilingi. Ana kopo zima la sarafu za euro ambazo hakuna benki inayombadilishia.

Jiko nyota tano, wahudumu tano, mwenye risiti nyota mbili. Fikeni kabla ya saa saba, migebuka huwahi kuisha.