Mashine ya HbA1c ya chembe zinazong'aa: miezi saba mezani kwangu

Tuna mzee mmoja wa kisukari anayevuka na pantoni kutoka Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini. Kila siku ya kliniki sukari yake ya kidole inasoma 5.9, 6.1, anaondoka anachekelea. Siku tulipompima kwa mashine hii ikatoa HbA1c, yaani kipimo cha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, asilimia 10.4, juu mno. Akaikodolea macho. "Daktari, hicho kidude kimeambiwa na nani?" Kumbe siku mbili kabla ya kliniki huwa anajifungisha. Sukari iliyogandana na himoglobini hukaa humo miezi miwili mitatu, haina habari na mfungo wa juzi.

Kwa hilo tu, naipenda.

Kazi yenyewe ni nyepesi: tone la damu, changanya na bafa (maji yake ya kuchanganyia), dondoshea kwenye kaseti (kile kibao cha kipimo), subiri. Usitafute mstari kama wa kipimo cha malaria, hutauona. Kingamwili za humo zimebebwa na chembe za nano, yaani ndogo mno, zenye metali iitwayo yuropiamu. Zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno (UV) zinang'aa nyekundu. Karatasi na damu nazo hung'aa, ila mng'ao wao unakufa papo hapo. Wa yuropiamu unachelewa kidogo kuzimika, basi mashine inaacha ule mng'ao wa karatasi na damu upite ndipo isome. Akili hiyo wametulia nayo.

Sasa kero. Kila boksi la kaseti lina chipu yake ya kuchomeka kwenye mashine, na chipu ya boksi jingine haikubali. Mwenzangu aliitupa moja pamoja na boksi tupu, tukapekua ndoo ya taka mchana kutwa. Halafu joto: kaseti hazitaki kuzidi nyuzi 30, na stoo yetu mwezi wa Novemba ni tanuri. Boksi zima liliharibika. Siku hizi zinalala chumba cha daktari, chenye AC, na pakiti naifungua mgonjwa akiwa ameshakaa.

Mwenye selimundu (sikoseli) usimpime kwa hii, wala kwa HbA1c ya aina yoyote. Chembe zake nyekundu hazifikishi zile siku 120, majibu yatashuka kwa uongo na utampongeza mtu anayeumwa.

Bei ya kaseti inauma, hasa kabla ya fedha za korosho kuingia mifukoni. Na ukiagiza, uliza tarehe ya kuisha muda kabla hujalipa. Za kwanza tulizoletewa na wakala zilikuwa zimebakiza wiki tano.