Tathmini ya fedha ya kaunsili kwa mzee anayeingia kea homu, England: nyota tatu kwa tano

Naandika kwa wale wenye mzee England anayeelekea kea homu, yaani makao ya kutunzia wazee, na hawajui hela itatoka wapi. Jina la kaunsili yetu, yaani serikali ya mtaa, silitaji, ila huduma yao tumepitia yote na mama mkwe, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe.

Wanatakiwa waanze na mzee kabla ya hela na kwetu walifanya hivyo, akaja dada mmoja wa ustawi wa jamii akakaa na mama, akamuuliza anaogaje, anakulaje, usiku anaamka kufanya nini, na hiyo ni bure hata kama mzee ana mahela benki, sheria ya matunzo ya 2014 (Care Act) inawalazimu. Yule dada Mungu ambariki. Alimuuliza mama mwenyewe sio sisi, na akasubiri amalize maana mama siku hizi sentensi moja inamchukua muda. Yeye nampa tano zote.

Kitengo cha fedha sasa, jamani! Mmejaza fomu ndefu, mmepeleka steitimenti za benki, pensheni, kila kitu, barua inakuja inasema nyumba ya mama inahesabiwa kwenye mali yake, kwa hiyo amepita kikomo cha £23,250, ajilipie ada yote. Wakati humo ndani anaishi mdogo wake mama, ana sitini na kitu, yupo pale tangu kabla mama hajaingia kea homu. Kanuni iko wazi, nyumba ikiwa anaishi mume au mke, au ndugu aliyefikisha miaka 60, au ndugu mwenye ulemavu, haihesabiwi. Na tarehe ya kuzaliwa ya mama mdogo ilikuwa kwenye fomu! Mama mdogo wa watu akawa hapati usingizi, anajua anatolewa nyumbani, presha juu, mpaka mume wangu alipowapigia Age UK, shirika la hisani la wazee, simu yao ni bure na wanaelekeza vizuri sana, wakamwambia andika barua, taja kanuni hiyo, omba wapitie upya. Kaunsili wakarekebisha. Pole hawakusema.

Nyumba ilipotoka hesabu ikawa hivi. Mama ana akiba £18,250. Akiba ya £14,250 kushuka chini haiguswi, kutoka hapo mpaka £23,250 kila £250 wanaifanya pauni moja ya kipato kwa wiki, kwa hiyo zile elfu nne za juu ni £16 kwa wiki, unajumlisha na pensheni, anaachiwa kama £30 kwa wiki za mafuta ya kujipaka na nywele na vitu vyake vidogo, iliyobaki inaingia kwenye ada na kaunsili inamalizia. Hiyo ni ya England tu; Wales na Scotland wana viwango vyao, msichanganye. Na kama nyumba haina mtu, kwa anayehamia kea homu kwa kudumu wiki 12 za mwanzo kwa kawaida hawaihesabu, halafu unaweza kuomba deni la ada lisubiri nyumba iuzwe baadaye, wengi wanauza haraka haraka kwa kutojua.

Kingine ni nyongeza. Kea homu tuliyoipenda mwanzo ilitaka familia iongeze hela kila wiki juu ya ile ya kaunsili, na yule wa kaunsili kwenye simu akaongea kama vile ni lazima. Sio lazima. Wanatakiwa wakupe angalau sehemu moja inayomfaa mzee bila nyongeza, ukisaini ujue umejifunga mwenyewe na ikipanda inakuhusu. Tulikataa tukapewa nyingine, ndogo, bustani haina, lakini wanamuita mama kwa jina lake na jioni wanampaka mafuta miguu bila kuombwa.

Halafu hakuna hata mmoja aliyetutajia NHS Continuing Healthcare, ile ambayo kama shida kubwa ya mzee ni ya kiafya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, inalipa yote bila kuangalia mali. Tuliomba wenyewe, mama hakufikia kigezo, sawa, ila kuna mzee wa mtu atafikia na familia yake inauza nyumba sasa hivi. Hilo ndilo lililowapunguzia nyota kuliko hata ile barua.

Barua yenu ikija ombeni hesabu yote kwa maandishi, mstari kwa mstari, wanatakiwa wawape, na msilipe nyongeza yoyote kabla hamjaisoma.