Kwenda Parkes, Australia: treni au gari la kukodi?

Parkes ni mji wa wakulima wa ngano na wafugaji wa kondoo, kilomita 360 hivi magharibi ya Sydney. Kwa msafiri wa peke yake treni ni nafuu na haichoshi. Unavuka milima ya Blue Mountains umeketi, macho dirishani. Ila treni ya moja kwa moja hupita mara moja tu kwa wiki. Siku nyingine utaunganisha na basi.

Gari lina gharama za mafuta na bima, lakini mkiwa wanne mkachangiana, hesabu hugeuka. Tena kazi yenyewe huanza mkishafika: darubini ya redio, yaani antena kubwa ya kunasa mawimbi kutoka angani, yenye sahani ya mita 64, iliyopokea picha za Apollo 11, safari ya kwanza kufikisha watu mwezini, mwaka 1969, iko kilomita 20 nje ya mji, katikati ya malisho ya kondoo. Mimi nisingekubali kuikosa. Na Septemba kanola, zao la mbegu za mafuta, ikichanua, mashamba yote manjano, utataka kusimama kila mara.

Kama huendeshi, au uko peke yako, panda treni, kisha tafuta teksi ya kukufikisha kwenye darubini. Kama mna watoto, kodini gari. Wa Kenya na Tanzania hatutapata tabu, kule nako huendesha kushoto. Lakini jua likizama egesheni: kangaruu huruka barabarani bila kutazama.